Mawimbi ya Ubongo na Sauti ya Mgonjwa Asiyeweza Kusema

Karibu kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo katika Jimbo Kuu Katoliki la Dodoma inamfahamu mgonjwa wa namna hii. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, au mwimba besi wa kwaya, au mama aliyeuza karanga na zabibu kando ya barabara. Siku moja kiharusi kikamwangusha. Leo amelala chumbani, macho yake yanamfuata kila anayeingia mlangoni, lakini ulimi haumtii. Mhudumu wa Komunyo Takatifu anapofika Ijumaa ya kwanza ya mwezi, wanajumuiya husali na kuimba, kisha huanza kuzungumza juu yake mbele yake, kana kwamba hayupo. “Hivi anatusikia kweli?” huuliza mmoja. Wengine hutazamana, wimbo wa kufunga ukaanzishwa.

Swali hilo sasa linaulizwa pia katika maabara kubwa za dunia. Watafiti wanatengeneza mitambo inayopokea ishara za umeme kutoka kwenye ubongo na kuzigeuza kuwa herufi, maneno au mwendo wa kiti cha magurudumu, bila mgonjwa kutikisa hata kidole. Habari hizi zimeanza kutufikia kupitia simu za mkononi, nyingine zikiwa za kweli na nyingine zimetiwa chumvi. Tunapenda kulitafakari jambo hili kwa utulivu: teknolojia hii inaweza nini, haiwezi nini, na inatudai nini sisi tulio waamini katika uwanda wa kati wa Tanzania.

Mashine inasikia nini?

Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, tabibu Hans Berger alirekodi kwa mara ya kwanza mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu. Alichapisha matokeo yake mwaka 1929. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu sana, na vishikizo vidogo vya metali viitwavyo elektrodi, vikiwekwa juu ya ngozi ya kichwa, vinaweza kuunasa. Ni hafifu kiasi kwamba hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, ilhali betri moja ndogo ya tochi ina volti moja na nusu. Mtu aliye macho, akitulia na kufumba macho, ubongo wake hutoa mawimbi yanayopanda na kushuka kati ya mara 8 na 13 kwa sekunde. Katika usingizi mzito mwendo huo hushuka chini ya mara 4. Kipimo hiki madaktari hukiita EEG. Hakiumizi, wala hakihitaji kisu.

Mwaka 1973 mwanasayansi Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliuliza kama mawimbi hayo yangeweza kutumika kama njia ya mtu kuzungumza na kompyuta. Jibu lilianza kuonekana mwaka 1988, pale watafiti wa Marekani walipoonesha mbinu ambayo ingali inatumika. Kioo cha kompyuta huonesha herufi zote, na safu zake humulikwa moja baada ya nyingine. Mtu huisubiri herufi anayoitaka. Inapomulikwa, ubongo wake hushtuka kidogo, takribani theluthi moja ya sekunde baadaye, na kompyuta huutambua mshtuko huo. Mwaka 1999 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, wakitumia mbinu nyingine ya mawimbi hayohayo, walitangaza kwamba wagonjwa waliopooza mwili mzima wameweza kuandika, herufi moja baada ya nyingine, polepole mno.

Msomaji wa Injili ya Luka atamkumbuka Zakaria. Alipokuwa bubu, watu walitaka kumpa mtoto wake jina bila kungoja neno la baba. Akaomba kibao, akaandika. Kwa mgonjwa aliyepooza, mtambo huu ni kibao cha Zakaria, na hatuna sababu ya kuuogopa kwa kuwa ni mgeni. Kumrudishia mtu neno lake ni tendo la huruma.

Ipo pia njia nyingine, ya kufungua fuvu na kupandikiza elektrodi ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 2023 timu mbili za California zilionesha kwamba wagonjwa waliopoteza uwezo wa kusema wanaweza, kwa kujaribu tu kutamka, kufanya kompyuta itoe maneno 62 kwa dakika katika utafiti mmoja na 78 katika mwingine. Mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza hufikia takribani maneno 150 au 160. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilipandikiza kifaa chake kwa binadamu wa kwanza. Mafanikio haya ni makubwa, lakini yamepatikana kwa upasuaji mgumu, kwa wagonjwa wachache sana, na chini ya uangalizi wa kila siku wa wataalamu wengi.

Mipaka yake

Mtu aliyesimama nje ya Uwanja wa Jamhuri siku ya mechi husikia mlipuko wa kelele na kujua kwamba bao limefungwa. Hawezi kujua mzee aliyeketi safu ya tatu alimnong'oneza nini mjukuu wake. Ndivyo ilivyo kwa elektrodi zilizo juu ya ngozi ya kichwa. Zinasikia kishindo cha maelfu kwa maelfu ya seli zikifanya kazi pamoja, tena kupitia ukuta wa fuvu. Zinaweza kutambua kwamba mtu ameitikia herufi fulani, amesinzia au ameshtuka. Haziwezi kusoma mawazo. Kwa hiyo, atakayekuja kwetu na kofia yenye nyaya akidai kwamba inaonesha nani mwongo, nani mchawi au nani ana wivu, huyo ni mpiga ramli aliyevaa koti la maabara.

Kitabu cha Kwanza cha Samweli kinatupa onyo la zamani. Hana alikuwa hekaluni akisali moyoni mwake. Midomo ilitikisika, sauti haikusikika. Kuhani Eli, mtu mzoefu na mwenye nia njema, alitazama ishara ya nje akahitimisha kwamba mama huyo amelewa. Hana ndiye aliyemsahihisha, kwa sababu alikuwa bado na uwezo wa kusema. Je, ingekuwaje kama asingeweza?

Hatari hii imekwisha kutokea. Mwaka 2017 jarida moja la kisayansi lilichapisha utafiti uliodai kwamba wagonjwa wanne waliopooza kabisa, wasioweza hata kusogeza macho, wamejibu “ndiyo” na “hapana” kwa njia ya vipimo vya ubongo, na kwamba walionesha kuyapenda maisha yao. Habari hiyo ilifariji wengi. Baadaye wanasayansi wengine walipoupitia ushahidi, kasoro kubwa zilijitokeza, na mwaka 2019 jarida likaiondoa makala hiyo. Hatusemi haya ili kuwabeza watafiti. Sayansi inayojisahihisha hadharani inastahili heshima. Lakini mashine inapofanywa kuwa kinywa cha mtu, kosa lake si kosa la hesabu tu. Ni kumsingizia mtu asiyeweza kujitetea.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, viwanja na mashamba ya pembezoni mwa mji yamepanda thamani. Tunafahamu vema jinsi kidole gumba cha mzee aliyelala kitandani kinavyoweza kubandikwa kwenye hati asiyoielewa, huku wanaomshika mkono wakisema kwamba yeye mwenyewe ameridhia. Familia inayogombania shamba, ikipewa mtambo unaokosea mara kwa mara, inaweza kuugeuza kidole gumba kipya. Jibu la mashine pekee lisitumike kamwe kuuza, kurithisha wala kukatisha tiba.

Ubongo katika uwanda wetu

Mawimbi ya ubongo yana kazi nyingine ya zamani zaidi, iliyo karibu nasi kuliko kompyuta za California. EEG ni kipimo cha kifafa. Mtu anapoanguka, maana yake ni kwamba kundi kubwa la seli za ubongo wake limelipuka kwa umeme kwa pamoja, bila mpangilio. Daktari akiwa na kipimo hicho anaweza kuona dalili za mlipuko huo na kuchagua dawa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa mojawapo, phenobarbital, ni ya zamani na bei yake ni ndogo.

Historia ya Kanisa nchini mwetu ina sehemu katika jambo hili. Karibu na mwaka 1960, huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alikuta wagonjwa wa kifafa wakiishi wametengwa. Wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walipoanguka jikoni hakuna aliyethubutu kuwagusa, watu wakiamini kwamba mate yao yanaambukiza. Katika misheni ya Kwiro alianzisha kliniki, na wagonjwa walitembea milima na mabonde kuifuata. Alieleza pia juu ya watoto waliotikisa vichwa vyao bila kukusudia. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa wa namna hiyo wa Mahenge, ambao baadhi yao walipimwa mawimbi ya ubongo, na tafiti zimeendelea kuonesha uhusiano kati ya kifafa cha maeneo hayo na ugonjwa wa usubi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala si laana ya ukoo. Ni ugonjwa wenye chanzo na wenye tiba.

Sisi wa Dodoma tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe katikati yetu. Inatia aibu kukiri kwamba jina la hospitali hiyo limegeuzwa tusi mitaani na hata katika mizaha ya vijana wetu baada ya Misa. Mtu akikosea kidogo huambiwa apelekwe Mirembe. Mama mwenye kijana wa kifafa husikia mzaha huo, na kesho yake humficha mwanawe ndani badala ya kumpeleka kliniki. Yesu alipoletewa kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, kwanza alimuuliza baba yake hali hiyo imempata tangu lini. Alisikiliza historia ya mgonjwa, kisha akamshika mkono. Yote mawili tunaweza kuyafanya leo hii.

Chumba cha ndani

Hata hivyo, kuna mlango ambao hatupaswi kuuacha wazi. Hati ya Kichungaji ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Gaudium et spes, katika namba ya 16, inafundisha kwamba dhamiri ni kiini cha siri kabisa cha binadamu na patakatifu ambamo yuko peke yake na Mungu. Hata kabla ya Mtaguso, tarehe 14 Septemba 1952, Papa Pio XII alizungumza na wataalamu wa magonjwa ya mfumo wa neva waliokutanika Roma, akawaeleza kwamba wala maendeleo ya sayansi wala manufaa ya jamii hayampi daktari haki isiyo na mipaka juu ya mgonjwa. Na Tamko la Dignitas infinita la mwaka 2024 limekumbusha kwamba utu wa binadamu hautegemei uwezo wake wa kufikiri, kusema au kuzalisha.

Mafundisho haya yana kazi leo. Mwaka 2019 zilienea habari za shule moja ya msingi katika jimbo la Zhejiang, China, ambako watoto walivalishwa mikanda ya kichwani inayopima mawimbi ya ubongo ili mwalimu aone nani hazingatii somo. Baada ya malalamiko ya wazazi na umma, matumizi hayo yalisitishwa. Chile ilibadili katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo na taarifa zitokanazo nazo, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliiamuru kampuni moja kufuta taarifa za ubongo ilizokuwa imezihifadhi za mteja wake. Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha mapendekezo ya kwanza ya kimataifa kuhusu maadili ya teknolojia za ubongo.

Nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyopitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni msingi mzuri, kwa kuwa inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Lakini mkanda wa kichwani unaouzwa dukani kama kifaa cha michezo au cha kusaidia usingizi haupiti hospitalini, na mawimbi unayoyakusanya yanaweza kusafiri hadi kompyuta zilizo nje ya nchi bila mwenye kichwa kujua. Wabunge na wanasheria wetu, wakiwamo walio waamini wa parokia zetu, wana nafasi ya kulifikiria jambo hili kabla kifaa hicho hakijawa cha kawaida shuleni au kazini.

Kwa Mkatoliki liko swali la ndani zaidi: mgonjwa anayeandika kwa mawimbi ya ubongo anaweza kuungama kwa njia hiyo? Kanuni ya 990 ya Sheria za Kanisa inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Mashine iliyounganishwa na intaneti, inayohifadhi kila herufi, haiwezi kuapa wala kutunza siri ya maungamo. Kwa sababu hiyo tunaona ni busara padre atumie ishara rahisi za ndiyo na hapana, kwa kope au kwa mkono, ambazo hazibaki mahali popote. Familia zisisubiri teknolojia ndipo zimwite padre. Kanuni ya 1006 inataka Mpako wa Wagonjwa utolewe kwa wale walioomba, walau kwa namna isiyo ya wazi, walipokuwa na fahamu zao. Mkristo aliyeishi imani yake hanyimwi mafuta matakatifu kwa sababu ulimi wake umefungwa.

Nani atanufaika?

Tunajifunza kutokana na visima. Vijiji vingi vya uwanda huu mkavu vinakumbuka mradi uliochimba kisima, ukapiga picha, ukaondoka. Pampu ikaharibika, na akina mama wakarudi kuchimba maji mtoni. Jambo kama hilo limewapata wagonjwa Marekani na Ulaya. Kampuni moja iliyopandikiza vifaa vya kuona ndani ya macho ya watu zaidi ya 350 iliyumba kifedha ikaacha kuvihudumia, na wagonjwa wakabaki na mitambo mwilini isiyo na fundi. Utafiti wowote wa namna hiyo ukifika kwetu, pamoja na kibali cha maadili kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, wazazi na wanaparokia waulize kwa lugha wanayoielewa: utafiti ukiisha, nani atakihudumia kifaa hiki, na kwa fedha ya nani?

Usawa una sura nyingine tusiyoitarajia, nayo ni nywele. Kofia nyingi za EEG zilibuniwa kwa nywele zilizonyooka. Juu ya nywele zetu nzito na za kipilipili elektrodi hazigusi ngozi vizuri, ishara huja na makelele, na wenye nywele hizo wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionesha kwamba nywele zikisukwa mistari, na elektrodi zikatengenezwa za kujibana katikati ya mistari hiyo, ishara huwa nzuri zaidi. Msusi wa Majengo au Chang'ombe angeweza kuwaambia hivyo mapema, lau angeulizwa.

Kuna pia lugha. Mitambo ya mwaka 2023 ilifunzwa Kiingereza. Mbinu ya herufi inaweza kutumika kwa Kiswahili bila shida kubwa, lakini bibi wa Chamwino ambaye hakusoma, na ambaye sala zake za ndani ni za Kigogo, herufi hazitamsaidia. Yeye anahitaji mtambo wa picha, au wa ndiyo na hapana. Kazi hiyo haitafanywa na watu wa mbali. Chuo Kikuu cha Dodoma kina vijana wanaosoma tiba na wanaosoma kompyuta, na jirani yao ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Elimu ya juu si ngeni katika vilima hivi. Tungependa kuona vijana Wakatoliki wakiichukua kazi hii kama wito.

Kabla mashine haijafika

Ndugu msomaji, mtambo wa mawimbi ya ubongo huenda usifike katika kijiji chako kwa miaka mingi. Mgonjwa wako yupo leo. Wagonjwa wengi wa kiharusi wanaelewa kuliko wanavyoweza kuonesha. Mnaweza kukubaliana naye ishara: kufumba macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mnaweza kuchora kwenye karatasi picha za maji, chakula, maumivu, choo na sala, mkamwonesha moja moja huku mkitazama macho yake. Muulizeni swali moja kwa wakati, na mngoje. Rudieni swali hilohilo baadaye, ili mjue jibu ni lake kweli. Na kwa mwenye kifafa, jumuiya inaweza kumsindikiza hadi kituo cha afya, ikahakikisha dawa haikatiki hata siku moja.

Tarehe 11 Februari ya kila mwaka Mama Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Ingefaa sana kila parokia ya Jimbo Kuu letu iwe na orodha ya wagonjwa wasioweza kusema, na kwa kila jina aandikwe mtu mmoja aliyejifunza ishara zake. Gharama yake ni daftari na uvumilivu.

Ijumaa ya kwanza ijayo, mtakapoingia katika chumba kile, kabla ya kuanza wimbo, mtajieni mgonjwa nyimbo mbili na kumuuliza anapenda upi. Kisha nyamazeni, mtazame macho yake, mpaka ajibu.